Neno "Yakutosha" kwa Fundi wa Mguu Mmoja

Cherehani ya miguu, kama jina lake linavyosema, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa mguu mmoja. Fundi huweka mguu mmoja mbele kidogo na mwingine nyuma, kisha hukanyaga kwa zamu, kisigino na vidole, mpaka gurudumu la chini lishike mwendo na mkanda uvute lile la juu. Nilifanya hivyo kwa miaka 19 katika baraza moja karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, bila kuwaza hata siku moja kwamba kila mguu ulikuwa na kazi yake. Nililitambua hilo mwaka 2022, siku ya kwanza niliporudi kwenye kiti changu nikiwa na mguu wa kushoto peke yake. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, nikakanyaga, gurudumu likagoma katikati ya mzunguko, likarudi kinyumenyume, na uzi ukakatika. Nikatunga uzi upya. Ukakatika tena. Jioni nilipofunga nilikuwa nimemaliza pindo la suruali moja tu, ya mteja ambaye hata hivyo alikuwa amekwisha kuninunia kwa kucheleweshwa.

Ninaanza na uzi kwa sababu kila anayeniuliza habari za imani yangu huanza na ajali, na ajali yenyewe haina mengi. Ilikuwa Novemba 2021, mvua za vuli zimeanza, nimepanda bodaboda nikitoka kuchukua vitambaa vya sare, lori likatubana kwenye kona. Kijana aliyekuwa akiniendesha alitoka na michubuko, na ninamshukuru Mungu kwa hilo bila kinyongo. Mimi mfupa wa muundi ulitokeza nje, kidonda kikaharibika, na katika wiki ya tatu madaktari wakatuambia kwamba tukiendelea kusubiri tutapoteza zaidi ya mguu. Wakaukata chini ya goti. Nilipozinduka nilihisi kidole gumba kinawasha, nikanyoosha mkono kukikuna, nikakuta shuka.

Kilichonimaliza ni mwezi wenyewe. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipofuta ada katika shule zake za msingi na sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, sare imebaki kuwa mzigo wa mzazi, na mzazi wa hapa kwetu hukumbuka sare pale shule zinapokaribia kufunguliwa Januari. Fundi wa baraza hula mwaka mzima kutokana na wiki hizo chache. Mimi nilikuwa nimekopa vitambaa dukani, nimepokea malipo ya awali kwa wazazi, na vipimo vya watoto wao vimeandikwa kwenye daftari. Januari ilipofika nilikuwa nimelala chali nikihesabu mbao za dari, na vile vitambaa vilikuwa chini ya kitanda chetu nyumbani vikinuka unyevu.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mbele kuna vipimo: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Nyuma, kwa mwandiko wa mke wangu, kuna madeni. Duka la vitambaa, 820,000. Malipo ya awali ya wazazi, 310,000. Salio la hospitali, 560,000. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kana kwamba alitaka zisisomeke, mkopo aliouchukua nikiwa wodini bila kuniambia: alipewa 500,000, alitakiwa kurudisha 650,000 katika muda wa mwezi mmoja. Mikopo ya namna hiyo watu huiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mwandishi wa gazeti, bali na wakopaji wenyewe. Jumla ilikuwa shilingi 2,340,000. Kila siku saa nne asubuhi kijana mmoja mpole, amevaa vizuri, alikuja na kitabu chake cha risiti na kukaa mlangoni. Upole wake ndio uliokuwa ukituchosha, kwani mtu hupata shida kumchukia anayekusalimu kwa adabu huku akiangalia televisheni yako kwa jicho la kuithaminisha. Ilianza kuondoka televisheni, kisha cherehani yangu ya pili, ile ya kupiga ovaloki.

Wakati huo nilikuwa na maombi mawili tu, mguu na fedha, na niliyapeleka mbele za Mungu asubuhi na usiku kwa ukali ambao leo unanishangaza. Sikuwa ninasali, nilikuwa ninadai. Yule kijana wa risiti na mimi tulikuwa na tabia moja, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na haki ya kudai.

Katika hali hiyo binamu yangu akanichukua kwenda kwenye mkutano wa maombezi. Sitautaja ulikuwa wa nani, na sisemi kwamba kuwaombea wagonjwa ni kosa. Mimi ni Mlutheri, na usharikani kwetu wagonjwa huombewa kila wiki. Ninasimulia yaliyonipata tu. Mhubiri aliniita mbele, akaniamuru nitupe magongo, nami kwa kuwa nilitaka sana iwe kweli, nikayatupa. Nilianguka juu ya kigutu ambacho kilikuwa hakijapona, mshono ukafumuka, damu ikapita kwenye suruali. Akauambia umati kwamba katika nyumba ya mtu huyu kuna jambo limefichwa, na kwamba mbingu hazifunguki kwa mikono mitupu. Watu wakaanza kupeleka mbegu, ndiyo sadaka ya fedha. Nami, pale sakafuni, nikatoa mfukoni elfu 70 ambazo zilikuwa kodi ya nyumba, nikampa binamu yangu azipeleke mbele.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilizitoa, na jibu ninalolipata halinipi sifa. Nilidhani ninanunua. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, naye akawaambia si huyu wala wazazi wake. Mstari huo, Yohana 9 na 3, niliukariri nikiwa mtoto wa kipaimara. Lakini mtu akishalala sakafuni mbele ya watu mia tatu, aliyoyakariri humkimbia.

Baada ya hapo niliacha kwenda kanisani. Sikukosana na Mungu, au ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa ninaikwepa bahasha. Kila mshirika ana bahasha yake ya ahadi yenye namba, na yangu ilikuwa imekaa tupu kwa miezi. Hakuna aliyenisema, lakini mtu asiye na kitu husikia hata yasiyosemwa. Mke wangu aliendelea kwenda, akitoka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza, akirudi kubadilisha kanga, akienda ibada ya kwanza. Mimi nilibaki kitandani nikisikiliza kengele. Nilimsema kwa mambo madogo, chumvi, sauti ya mlango, na yeye hakunijibu. Hilo ninaliandika kwa sababu katika shuhuda nyingi mwenye kilema husimuliwa kama mtakatifu aliyejeruhiwa. Mimi nilikuwa mtu mgumu kuishi naye.

Kilichonirudisha ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu, aliyekuja Jumapili ya mavuno na teksi aliyokwisha kuilipia, akasema gari liko nje na dereva hapendi kungoja. Nikaenda.

Wasioyajua makanisa ya huku kwetu niwaeleze kwamba ibada ya mavuno haiishii kwenye baraka. Watu huleta walichovuna, kuku, mahindi, kahawa, maziwa, mikungu ya ndizi, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje, chini ya miti, na anayenadi huwa ni mtu mwenye ulimi. Siku ile yai moja liliuzwa shilingi 5,000, aliyelinunua akalirudisha linadiwe tena, likauzwa 3,000, na watu wakacheka kwamba yai limeshuka bei kabla halijaanguliwa. Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki, magongo nimeyasukuma chini ya kiti ili mtu asijikwae. Ukanadiwa mkungu wa ndizi za mshare, mkubwa, wa kubebwa na watu wawili. Akaupata mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, ambaye ninajua fika kwamba anaishi kwa kuuza mchicha. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mpelekeeni fundi."

Masikio yalinipata moto. Vijana wawili wa kipaimara wakaubeba wakauweka karibu na kiatu changu, kile kimoja, na utomvu ukadondokea juu ya ngozi yake. Mtu wa Kilimanjaro anajua utomvu wa ndizi: ukishakauka hautoki kwa sabuni wala kwa petroli. Doa lile lipo mpaka leo, jeusi, la ukubwa wa kifungo cha koti. Nilikaa nikiliangalia kwa sababu sikuweza kumwangalia mtu usoni. Kwa miaka 19 nilikuwa miongoni mwa wanaonunua yai na kulirudisha. Sasa nilikuwa ninayepelekewa.

Siku chache baadaye yule mama alipita barazani na ndoo yake ya mchicha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza hotuba yangu ya shukrani ambayo ndani yake nilikuwa nimeficha lawama, kwamba angenipa kwa siri, kwamba watu walikuwa wengi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "ulinishonea gauni la msiba wa baba yenu, nikakupa hela ukaikataa mbele ya ndugu zangu wote. Nilikuuliza?"

Sikuwa na jibu. Akaweka fungu la mchicha mezani, akasema hilo ni la kuuziwa, shilingi 500, nikamlipa.

Katika majuma yaleyale mwinjilisti wetu alitusomea kwenye jumuiya 2 Samweli sura ya 9. Habari za Mefiboshethi nilikuwa nimezisikia tangu utotoni: mjukuu wa Sauli, yaya wake alimwangusha akikimbia naye akiwa na umri wa miaka mitano, akawa kiwete, akaenda kuishi Lo-debari, kisha Daudi akamtafuta kwa ajili ya Yonathani baba yake na kumketisha mezani pake. Wahubiri hupenda sana ile meza. Lakini jioni ile, nikiwa nimeketi sebuleni kwa jirani na kigutu juu ya mto, nilisikia mambo mawili ambayo sikuwahi kuyasikia. La kwanza ni kwamba sura inaanza kwa kumtaja kuwa ni kiwete na inamalizika hivyohivyo. Mstari wa mwisho, akiwa tayari anakula kwa mfalme sikuzote, unarudia kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuna mtu katika sura nzima anayemwambia atupe magongo. La pili ni kwamba Daudi hakumpa chakula tu. Alimrudishia mashamba yote ya Sauli babu yake, akamwamuru Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie. Alimpa mtaji na watu wa kuufanyia kazi. Kwamba baadaye huyo Siba alimchongea kwa mfalme, na katika usuluhishi Daudi akaamua wagawane shamba, ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye ulemavu aliyewahi kusimamiwa mali yake na ndugu hatashangaa kulisoma.

Nakiri kwamba hapa nina neno na makanisa yetu. Tunajua kupeleka unga, sukari na sabuni kwa mgonjwa, na Mungu awabariki wanaopeleka, kwani watoto wangu waliula unga huo. Lakini tunaleta unga mwezi wa kwanza na wa pili, mwezi wa tatu tunachoka, na mgonjwa naye amechoka kupokea. Wachache huuliza shamba lake liko wapi.

Waliouliza kwangu walikuwa kwaya. Mwenyekiti wao alikuja na katibu, wakakataa soda, wakasema wanataka joho 32 kabla ya Krismasi, rangi ya damu ya mzee, ukosi mweupe. Nikawaambia wanaiona hali yangu, cherehani inakata uzi. Mwenyekiti akasema, "Fundi, hatujaja kukusaidia. Tumekuja kushonesha. Tukitoa nusu ya fedha leo na ukachelewa, tutakudai kama watu wengine." Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Mtu huyo alinihesabu miongoni mwa watu wanaoweza kudaiwa kazi.

Namna ya kukanyaga kwa mguu mmoja nilifundishwa na fundi mzee wa baraza la ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akinitazama nikihangaika kwa wiki nzima kabla hajavuka. Nilimwamkia, akavuta kigoda. "Mdogo wangu, wewe unakanyaga kama mtu anayezima moto," akaniambia. Mguu, akasema, usiuweke upande wake wa zamani, uweke katikati ya kikanyagio, unyayo mzima, uwe unayumba kati ya kisigino na vidole kama mtu anayebembeleza mtoto kwa goti. Na usiiache cherehani isimame inapotaka. Isimamishe kwa mkono kila mara, kikanyagio kikiwa kimepita juu kidogo tu, ili ukianza tena kianze kwa kushuka mbele. Ikisimama kwenye kituo kibaya ndipo inaporudi nyuma na kukata uzi. Ilinichukua siku kama kumi mwili wangu kulielewa neno hilo. Kisha siku moja nikashona mshono wa ubavu wa joho kutoka kwapani mpaka pindoni bila uzi kukatika, nikaisimamisha cherehani kwa mkono, nikaanza upande wa pili, na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa ninaimba.

Nilichokuwa ninaimba ni "Usinipite Mwokozi", wimbo ambao kila Mkristo anayesema Kiswahili amewahi kuulilia angalau mara moja. Baadaye sana nilifahamu kwamba mtunzi wake, Fanny Crosby wa Marekani, alikuwa kipofu tangu uchanga, na aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 94, akiwa ametunga nyimbo zinazohesabiwa kwa maelfu. Katika wimbo ule haombi macho. Anaomba asipitwe. Sijui kama ningeliona hilo nikiwa na miguu miwili.

Wakati wa zile joho ndipo neno moja la Kiswahili liliponifungukia. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wa mwili, na jibu alilopewa ni lile lililoandikwa nyuma ya nusu ya daladala za nchi hii: "Neema yangu yakutosha; maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Nilikuwa nimelielewa siku zote kama mtu anayeambiwa na tajiri kwamba hicho ulichopewa kinakutosha, nenda zako. Lakini barazani kwangu neno kutosha lina kazi nyingine, na ninalisema mara ishirini kwa siku. Mteja akivaa nguo ninamzungusha mbele ya kioo, ninavuta bega, ninapitisha vidole viwili kiunoni, kisha ninamwambia imekutosha. Maana yake haibani wala haipwayi, imekatwa kwa mwili wako na si kwa mwili wa jirani yako. Nguo iliyotosha haina kitambaa cha ziada cha kujivunia. Nilisimama na mkasi mkononi nikiyasema maneno yale ya Paulo kwa sauti ya fundi, na mwanafunzi wangu akadhani ninamwambia yeye.

Sidai kwamba hiyo ndiyo maana ya neno la Kigiriki, hilo nawaachia wachungaji. Ninachojua ni kwamba Paulo mwenyewe alikuwa mtu wa sindano. Matendo sura ya 18 inasema alikaa kwa Akila na Prisila huko Korintho akafanya kazi nao, kwa sababu walikuwa na ufundi mmoja, kushona mahema. Barua yenye ule mwiba aliwaandikia watu wa mji uleule. Mtu aliyepitisha sindano kwenye kitambaa kizito cha hema anajua mwiba unavyoingia chini ya ukucha.

Na vipimo hubadilika. Mwaka 2023 nilipata mguu wa bandia. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo katika mji huu mdogo tuna bahati ambayo wenye vigutu wa mikoa mingine wanaifuata kwa basi la usiku. Fundi aliyenipima alifunga kigutu changu kwa plasta mbichi, akapitisha vidole pale mfupa unapotokeza, akaandika namba zake, nami nikamtazama kama ninavyotazamwa na wateja. Aliniambia mapema kwamba kigutu hunywea, na kwamba kile kikombe cha juu kinachonitosha leo kitanilegea baada ya miezi, kitaanza kusugua na kutoa malengelenge, na siku hiyo nisivumilie kishujaa, nirudi anipime upya. Ilikuwa kweli. Nimepimwa upya mara mbili. Niliwahi kuvumilia kishujaa kwa wiki tatu, nikarudi kwenye magongo kwa miezi miwili mizima.

Madeni hayakuondoka kwa muujiza, yaliondoka kwa pindo na marinda. Fedha ya kwaya ilimaliza kausha damu na sehemu ya hospitali. Wazazi wawili walisamehe, wengine walingoja nikawashonea sare mwaka uliofuata, na mmoja, ambaye ninamwelewa, hanisalimii mpaka sasa. Nyakati zile tuliishi kama Waisraeli na ile mana, iliyokuwa haiwekwi akiba: Kutoka 16 inasema walipoipima kwa pishi, aliyekusanya kingi hakubakiwa na kitu, wala aliyekusanya kichache hakupungukiwa, na waliojaribu kuilaza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu. Mahubiri juu ya sura hiyo huwa mazuri sana. Kuiishi ni jambo lingine. Kuiishi ni kutuma mtoto dukani kwa robo kilo ya sukari, kila siku, mpaka mwenye duka aanze kuipima akimwona tu anakuja. Zipo jioni ambazo mimi na mke wangu tulimshukuru Mungu kwa sauti na kila mmoja akajifunika kanga akalia upande wake. Kumtumaini Mungu kwetu kulikuwa na sura hiyo, na ningemdanganya anayesoma hapa akiwa na daftari lake la madeni kama ningemwambia kulikuwa na furaha isiyokatika. Mstari wa Sala ya Bwana unaoomba riziki unasema "leo". Nilikuwa ninausali kwa haraka. Sasa neno hilo ninalitamka taratibu kidogo.

Kuhusu joho zenyewe, Krismasi ile kwaya ilisimama safu tatu, watu wakapiga vigelegele, na mimi sikusikia wimbo hata mmoja kwa sababu joho la mama wa tano katika safu ya pili lilikuwa limekatwa fupi kwa upande mmoja kama inchi nzima. Nililirekebisha Januari bila kumwambia mtu.

Sasa tuna kikundi, watu watano wenye ulemavu kutoka kata yetu, tukifuatilia ile mikopo isiyo na riba inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa ajili yetu. Tulianza kujipanga mwaka 2023, mikopo ikasitishwa nchi nzima mwaka huohuo, ikarejeshwa mwaka 2024, nasi tukaanza upya na fomu, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, picha. Katibu wetu haoni, lakini anaikumbuka katiba yetu kifungu kwa kifungu, na hutusahihisha tunapomsomea. Tunaomba fedha ya cherehani mbili za umeme na moja ya ovaloki. Tumekwenda ofisini mara nne, mara zote tumepokelewa kwa heshima na kuambiwa tusubiri. Kila kikao tunafungua na kufunga kwa sala, kwa zamu, na mwenzetu mmoja ambaye ni Mwislamu huomba dua yake zamu yake inapofika. Alhamisi tunakutana tena barazani kwangu.

Deni la duka la vitambaa limebaki 180,000. Usiku wa mvua kidole gumba kisichokuwepo bado kinawasha, na nimezoea kulala nikiwa nimekishikia mahali kilipokuwa. Msimu wa sare umeanza: kuna sketi 14 za marinda kwenye foleni, nimefika ya nane, na uzi wa bluu umebaki bobini mbili, kwa hiyo asubuhi binti yangu atapitia dukani kabla ya shule.